Isale Katika Mistari ya Nyanya

Jumanne, 3 Januari 1995

Bibi Tabitha amevunjika nyonga. Aliteleza kwenye ukingo wa mfereji siku chache baada ya Krismasi, akichota maji, akaanguka nayo. Sasa yuko hospitali mjini, mguu umening'inizwa kwa uzito, na daktari anasema asitegemee kutoka kabla ya mwezi wa tatu. Mimi nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri matokeo, kwa hiyo watu wazima walipokaa kujadili nani apande mlimani kumshikia bustani, wote waligeuka kunitazama. Sikusema kitu. Mimi nikinyamaza watu hudhani nimekubali.

Nimepanda kutoka Soweto, mtaa wetu wa mjini, na begi moja. Kabla ya kupanda nilipita hospitali. Bibi alinishika kifundo cha mkono, mkono wake bado una nguvu ya jembe.

"Kindness, nisikilize. Nyumba, kihamba chote cha migomba, hata ng'ombe, baba zako wameshavigawana kichwani mwao. Wanangu wanne, nawajua. Lakini kile kipande cha usharika ni changu peke yangu. Nikitoka hapa nikikute."

"Ndiyo, Bibi."

"Sema kwa sauti, mimi ni mzee."

"Ndiyo, Bibi!" Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kunitazama. Niliona aibu mpaka getini.

Hicho kipande kiko chini ya kanisa. Zamani pale palikuwa na mibuni ya usharika. Kahawa ilipoacha kulipa wazee wakaing'oa, wakawagawia wajane walime mboga, kila mjane na kipande chake. Masharti ni mawili: hakirithiwi wala hakigawanywi, kwa maana kikianza kugawanywa watoto watakimaliza. Na mwenyewe akishindwa kukishika mpaka masika yakaanza, kinapewa mjane mwingine.

Anayesubiri yupo. Anaitwa Mama Gladys, mumewe alifariki mwaka jana. Nimemwona leo hii hii. Alisimama njiani anakitazama kipande cha Bibi kama mtu anayetazama gauni dirishani mwa duka. Sikumpenda.

Jumatano, 4 Januari

Jua. Nimefagia uani. Ng'ombe amenipiga teke.

Ijumaa, 6 Januari

Jirani wa Bibi ni Bibi Yuditha. Wamepakana nyumbani na wamepakana bustanini, na Bibi amemwagiza awe anakuja kulala hapa ili nisilale peke yangu. Ana sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya korongo.

"Wewe ndiye mtoto wa Yoramu? Yule asiyeongea?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kumbe ulimi upo." Akashuka na macho mpaka miguuni kwangu. Nilikuwa na raba nyeupe, mtumba wa soko la Kiboriloni. "Na hivyo viatu, mae, vinakwenda bustanini au harusini?"

Nikavivua.

Leo ilikuwa zamu yetu ya maji, Jumanne na Ijumaa. Msimamizi ni Mzee Ebenezeri, mzee wa kanisa, anavaa koti la suti hata akilima. Nilipaswa kumwambia tu "Mzee, nafungua," kisha nitoe bonge la udongo kwenye mfereji. Nilisimama nyuma yake nikisubiri amalize kuongea na mtu. Alipomaliza akaanza kuongea na mwingine. Mwisho Bibi Yuditha akapiga kelele kutoka kwenye kabichi zake: "Ebenezeri! Kuna mtoto nyuma yako anaota mizizi!" Watu wakacheka. Maji nikayapata lakini nililia kidogo, nikajifanya ni jasho.

Nimehamisha miche yote ya nyanya aliyoiacha Bibi kwenye kitalu. Mistari mitatu, kutoka juu mpaka chini. Katikati ya mistari yapo matuta yake ya karoti, spinachi, mnafu na vitunguu.

Usiku Bibi Yuditha amesali kwa Kichagga kirefu. Nimesikia jina langu, likafuatiwa na la ng'ombe.

Jumanne, 10 Januari

Nimesema "Mzee, nafungua." Hakusikia. Nimesema tena. Akasikia.

Jumapili, 15 Januari

Baada ya ibada nimepeleka fungu la karoti za Bibi kwenye mnada wa mazao nje ya kanisa. Walipozinadi walisema, "Hizi ni za Mama Isack aliyelazwa, zimeletwa na mjukuu wake, huyu hapa!" Watu wakapandishiana bei kwa kumpenda Bibi. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Aliyezipata ni Bibi Yuditha, na jioni tukazila sisi wenyewe kwenye mtori wa ndizi. "Mnada mzuri ndio huo," akasema, "unampa Mungu na bado unashiba."

Nilicheka kwa sauti. Yeye akasita na kijiko hewani, akaniangalia kama mtu aliyesikia kuku akiimba.

Jumanne, 17 Januari

Nyanya zinaanza kulala chini. Bibi alisema, "Ziegemeze mapema." Lakini hakusema kwa miti gani. Fito zote nyumbani zimeegemeza migomba. Kule kwetu Soweto tunatumia mabanzi ya kuokota, huku hakuna. Bibi Yuditha yuko Sanya Juu tangu jana, binti yake amejifungua, kwa hiyo hakuna wa kuuliza. Kumuuliza Mzee Ebenezeri ni kusubiri tena nyuma ya koti.

Nimefikiri mwenyewe. Fensi ya nyumbani imekuwa msitu, matawi yamenyooka vizuri, unene wa kidole gumba. Nimeipunguza, nimepukutisha majani, nimepata mzigo mzima. Nimechomeka mti mmoja kwa kila mche, nikafunga kwa nyuzi za mgomba. Mistari imenyooka kama daftari. Nimerudi nyuma nikaitazama nikajisifu, na mimi huwa sijisifu.

Ijumaa, 27 Januari

Maji. Palizi. Binti wa jirani wa juu ndiye anayelala hapa siku hizi, haongei, mimi siongei. Tunapendana.

Jumapili, 5 Februari

Nimeshuka hospitali. Bibi amekonda lakini macho yanawaka. Ananiuliza moja moja: mnafu? vitunguu? karoti za upande wa mfereji? Ni kama anauliza habari za watoto wa bodingi. Nikamwambia nyanya zimeanza kutoa maua.

"Umeziegemeza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Aika, mae," akanishukuru kwa Kichagga. Akafumba macho, akalala ameshika kidole changu. Sikukitoa mpaka nesi alipokuja kutufukuza.

Jumanne, 14 Februari

Baadhi ya miti ya nyanya imechipua! Kila mmoja umetoa kishungi cha majani ya kijani kwenye ncha. Ardhi ya Bibi ina nguvu kweli.

Mama Gladys alisimama njiani leo muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaondoka haraka bila kuaga.

Jumanne, 21 Februari

Bibi Yuditha amerudi. Nilimwona akishuka njia ya bustani, nikainua mkono. Akafika kwenye ukingo wa kipande chetu, akasimama. Akahesabu kwa kidole, kama anayehesabu mbuzi. Hakuitikia shikamoo yangu.

Hakuja kulala.

Jumatano, 22 Februari

Hakuja. Nimepika ndizi za watu wawili, nikampa ng'ombe za mmoja.

Ijumaa, 24 Februari

Watu wanaacha kuongea nikipita. Mtu kama mimi hupenda watu wasimwongeleshe, lakini hii ni nyingine. Mzee Ebenezeri amenipa maji kabla sijafungua mdomo, na hakunitazama.

Jumapili, 26 Februari

Sijui nianzie wapi.

Kwenye matangazo, baada ya ndoa na vikundi vya kwaya, Mzee Ebenezeri akasoma: "Familia ya Mama Isack inaombwa kufika bustani ya wajane Jumamosi ijayo, saa nne, kuhusu mgawanyo wa kipande." Kanisa zima likageuka. Nikajua wamenigeukia mimi, ila sikujua mgawanyo gani. Nikashuka mjini moja kwa moja nimuulize Bibi.

Bibi alikuwa ameugeukia ukuta. Na mguu ule huwezi kugeuka, kwa hiyo aligeuza shingo tu, imepinda vibaya.

"Shikamoo, Bibi."

Nikafungua mfuko.

"Bibi, nimekuletea mnafu."

"Upande wa mfereji kapewa nani?" akauuliza ukuta. "Isack? Maana ndiye mkubwa. Au mmempa Yoramu kwa kuwa binti yake ndiye aliyeshika jembe?"

"Bibi, sielewi."

"Mistari mitatu, watu wanne. Mimi si msomi, lakini hiyo naielewa. Yuditha kaja jana. Ameniambia masale yameshika vizuri, yana majani." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningevumilia. "Mngesubiri tu, mae. Sikuwa mbali."

Hapo ndipo nikaelewa, na nilipoelewa mdomo ukafunga. Ile fensi ya nyumbani niliyoikata. Ni isale! Nalijua isale, nani asiyelijua? Ndilo linalozunguka kila kihamba huku, ndilo mpaka. Mtu akikukosea akaja na jani lake, huwezi kukataa kumsamehe. Lakini ukilikuta limepandwa kwa mstari katikati ya shamba, shamba hilo limegawanywa. Na kama mwenye shamba bado anapumua, basi watoto wake wamemzika akiwa hai.

Mimi nilikata miti tu. Nilitaka vitu vilivyonyooka. Kwenye mtihani wa baiolojia niliulizwa mimea inayoota kwa vipande vya shina, nikajibu kwa Kiingereza safi na mchoro juu. Halafu nimechukua vipande vya shina, nimevichomeka kwenye udongo, nimevimwagilia Jumanne na Ijumaa, vikaota, na mimi nikaandika humu kwamba ardhi ina nguvu!

Nilipaswa kusema palepale: Bibi, ni miti ya nyanya. Maneno matano tu. Lakini wageni wa kitanda cha pili walikuwa wanasikiliza, nesi alikuwa anasukuma kigari, na Bibi anautazama ukuta. Nikaweka mnafu mezani. Nikaondoka. Nimepanda mlima wote huu nikiyasema yale maneno, na njiani yalitoka vizuri kabisa.

Jumatatu, 27 Februari

Nilikwenda alfajiri kuyang'oa. Nimeshika la kwanza tu nikasikia, "Usiguse!" Bibi Yuditha alikuwa amekaa kwenye tuta lake, amejifunika kanga. Sijui kama alikuwa ananisubiri.

"Isale halichomolewi kama karoti," akasema. "Unataka waseme mmeshtuka mnaficha? Likishapandwa, anayeling'oa ni mwenye ardhi, mbele ya mashahidi."

"Ni miti ya nyanya," nikasema. Yalitoka, lakini madogo.

"Nani kakufundisha kusema hivyo? Baba yako?"

Nikauliza kitu kingine kabisa, kilichokuwa kinaniuma zaidi. "Bibi Yuditha, kwa nini ulimwambia? Yuko kitandani."

"Niliona, nikasema. Tumepakana tangu tulipoolewa. Mimi na yeye tumefukiana waume. Ningemkalia kimya ningekuwa jirani wa namna gani?" Akainuka, magoti yakalia. "Na wewe nilikupenda. Ndiyo maana sikulala huko. Ningekula karoti zako nikuone hivi hivi?"

Nimekuwa nikimchukia tangu Jumanne. Leo siwezi tena, na ni usumbufu.

Jumatano, 1 Machi

Mawingu upande wa Kahe. Yamepita.

Jumamosi, 4 Machi

Walifika wote. Baba na ndugu zake wawili, wa Kahe na wa Sanya Juu, walisimama pamoja kwenye njia kama watuhumiwa. Baba Mkubwa Isack alikuwa amelala kwenye basi kutoka Dar, akaja na miwani ya jua na gazeti kwapani. Wajane walikaa kwenye ukingo wa mfereji. Mama Gladys peke yake mwishoni, mikono mapajani.

Mzee Ebenezeri akafungua kwa sala, kisha akasema yanayoonekana yanaonekana, familia ijibu.

Baba akasema hawajui lolote. Ilikuwa kweli, lakini Baba akisema kweli huwa anakuna shingo. Wajane wakaguna. Basi Baba Mkubwa Isack akaona atuokoe. Akavua miwani.

"Wazee wangu, hata kama tumegawana, tuseme tumegawana, kosa liko wapi? Ni jasho la mama yetu. Dunia imebadilika, siku hizi ni soko huria!"

"Yesu wangu," Baba akasema chini chini.

Palilipuka. Mjane mmoja akamwambia kama ni soko huria akauze miwani yake. Mwingine akasema kumbe wamekiri. Mzee Ebenezeri akainua mkono, akaanza: "Basi kwa mujibu wa masharti, kipande hiki kinarudi kwa usharika, na kwa kuwa yupo mwenzetu anayesubiri..." Wote wakamtazama Mama Gladys. Yeye akatazama chini.

Nilisikia mtu anasema, "Hapana." Nilikuwa mimi.

Sikumbuki vizuri. Najua nilitembea mpaka katikati ya mistari kwa sababu nilidhani nikiwa kati ya nyanya watu hawataniona sana. Nikasema ni mimi. Nimekata fensi ya nyumbani kuegemeza nyanya. Hakuna aliyenituma, Baba hakujua, Baba Mkubwa hajui hata nyanya zimepandwa. Nikasema Bibi aliniambia akitoka akikute kipande chake, nami nilitaka akikute kizuri.

"Nyanya gani zinazoegemea isale?" akauliza mjane mmoja.

"Hizi," nikasema, nikapangua majani ya mche. Uzi wa mgomba ulikuwa bado umefungwa, pindo mbili, nyanya za kijani zimening'inia kwenye shingo ya isale kama watoto wamekumbatia mama. Nikapangua wa pili. Nikapangua wa tatu. Nililia sasa, lakini nilikuwa naendelea kupangua, mstari mzima, kamba, kamba, kamba.

Kisha nyuma yangu ikaanza sauti kama pampu ya baiskeli. Ni Bibi Yuditha. Alikuwa anacheka mpaka akakaa chini kwenye kabichi zake mwenyewe.

"Ruwa, Mungu wangu! Mtoto wa Soweto! Kaenda kwenye mti wa kugawia nchi, kakata, kaegemeza nyanya! Na nimekwenda mpaka hospitali, nimepanda gari, nimelipa nauli, kumwambia Tabitha amegawanywa, kumbe kagawanywa na nyanya!"

Wote wakacheka, hata Baba, na kwa jinsi alivyocheka niliona alivyokuwa ameogopa. Asiyecheka ni Mzee Ebenezeri. Alifunga vifungo vya koti.

"Kosa limeeleweka," akasema. "Lakini isale limeshika. Siwezi kuling'oa mimi, wala nyinyi wana, wala mtoto. Mama Isack mwenyewe aje aling'oe kwa mkono wake. Na lile sharti la masika liko palepale. Masika yakianza akiwa bado hajafika, mikono yangu imefungwa."

Watu wote wakatazama mlima. Wingu lilikuwa limeufunika mpaka misituni.

Jumapili, 5 Machi

Nilikwenda hospitali na Bibi Yuditha. Aliingia mbele, akasimama katikati ya wodi, akasema, "Tabitha, mimi mjinga," kisha akanisukuma.

Nilikuwa na jani la isale ndani ya gauni, nimelikunja vizuri, ndivyo inavyotakiwa mtu akiomba msamaha. Nikalitoa. Bibi akalitazama.

"Lingine?" akasema. "Kindness, masale nimeyachoka. Siku nyingine niletee nyanya."

Halafu nikamweleza yote, na nyonga yake ikamuuma kwa kicheko mpaka nesi akaja. Nikasema samahani mara nyingi. Akanivuta kichwa kifuani kwake. Ananuka dawa na bado ananuka moshi wa jikoni, sijui inawezekanaje.

"Niliwafikiria vibaya baba zako," akaninong'oneza. "Usiwaambie. Iwasaidie kuwa na adabu kidogo."

Daktari anasema wiki mbili. Labda.

Alhamisi, 9 Machi

Nyanya ya kwanza imeanza kuwa nyekundu, ipo mstari wa kati. Mstari wa kati ndio mzuri kuliko yote, sijui kwa nini.

Bibi Yuditha analala hapa tena. Anakoroma. Afadhali.

Jumanne, 14 Machi

Matone jioni. Nilitoka nje nikasimama uani nikiyahesabu kama adui. Bibi Yuditha akaniita ndani: "Hayo si masika, ni mlima unapiga chafya."

Alhamisi, 16 Machi

Umepiga chafya usiku kucha. Mzee Ebenezeri kapita bustanini, kachomeka kidole kwenye udongo kuona maji yamefika wapi. Mama Gladys alikuwa njiani. Nimemwangalia vibaya makusudi. Akanisalimia.

Jumamosi, 18 Machi

Bibi ametoka!

Jana waliufungua mguu wakampa magongo, na leo pikapu ya usharika ikamleta mpaka kanisani. Njia ya gari inaishia pale. Kutoka pale kushuka bustanini ni mteremko, na kwa mvua ile ulikuwa sabuni tupu. Magongo yalizama hatua ya kwanza. Juu yetu ngurumo, na Mzee Ebenezeri anatazama mawingu kama mtu anayetazama saa.

Baba ndiye aliyekwenda kuleta kiti cha mbao kutoka ofisi ya mchungaji. Wakamkalisha Bibi. Wana wanne, kila mmoja mguu wake wa kiti, wakamwinua. Hata Baba Mkubwa Isack, ambaye hakurudi Dar. Anasema yuko likizo, Baba anasema ni aibu. Watu walitoka kwenye vihamba kuangalia.

"Isack, inua upande wako. Dar es Salaam hamli?"

"Mama, wewe ni mzito."

"Nilikubeba wewe na jembe na ndizi, kwenye mteremko huu huu. Sikusema neno."

"Kulia, kulia!" akaelekeza Bibi Yuditha kutoka nyuma, na mwavuli ambao haukumfunika mtu yeyote. "Msimmwage, mtasema tena ni nyanya!"

Mimi nilitangulia mbele nikipiga hatua za kisigino kwenye tope ili wakanyage penye mashimo. Nadhani ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote msimu huu.

Wakamweka kwenye kichwa cha kipande. Bibi akakitazama. Matuta, mnafu, vitunguu, mistari mitatu ya kijani yenye vishungi vya masale juu na nyekundu chini chini. Nilisubiri. Akasema, "Karoti umezibananisha." Kisha akafuta macho.

Akalishika isale la kwanza, lililokuwa karibu na kiti, akalivuta kwa mkono wake. Likatoka na mizizi myeupe. Akawaonyesha mashahidi.

"Nimeling'oa mimi, Tabitha, na nipo hai. Haya, ng'oeni huo mstari." Baba zangu wakaingia kwenye tope na viatu. Mstari wa kwanza ukaisha, Bibi Yuditha akiwa nyuma yao anachomeka mabanzi yaliyokuja na pikapu kutoka mjini na kufunga nyanya upya, anawatukana kwa Kichagga. Bibi akanyoosha gongo kwenye mstari wa mwisho, karibu na mfereji. "Na ule." Nao ukaisha.

Baba mdogo wa Kahe akaushika wa kati.

"Huo uacheni," Bibi akasema.

"Mama?"

"Nimesema uacheni. Mimi nyonga hii haitalima tena kipande kizima, nusu itanitosha mpaka nife. Mama Gladys yuko wapi? Njoo, mama. Upande ule ni wako. Mpaka umeshapandwa, na umenyooka kweli kweli."

Mama Gladys hakusogea. Alifunika mdomo kwa kanga. Nikaona anatetemeka, na nikajua kutetemeka kule, ni kwangu. Wiki zote zile alizosimama njiani nilidhani anatamani kipande. Alikuwa anatafuta namna ya kuomba.

Mzee Ebenezeri akakohoa. "Mama Isack, masharti yanasema kipande hakigawanywi."

"Masharti yanawakataza watoto wangu. Mimi yalinitaja wapi?"

Matone makubwa yakaanza kupiga koti lake. "Itabidi niwaulize wazee," akasema.

"Waulize, Ebenezeri. Utatukuta tunalima."

Mvua ikamwagika. Masika kabisa, si chafya. Wana wanne wakakiinua kiti mbio, Bibi amefunikwa na gazeti la Baba Mkubwa, anacheka, na Mama Gladys akabaki amesimama upande wake bila kujifunika kitu.

Lakini niseme ukweli, maana humu nasema ukweli. Niliumia. Mstari wa kati ni wangu. Ndio nilioupenda.

Jumatatu, 20 Machi

Asubuhi mvua ilipumzika. Bibi kanituma nikachume zilizoiva kabla hazijaoza. Nimeanza mstari wa kati. Nyanya zake zimening'inia kwenye mpaka wenyewe, nyingine upande huu, nyingine upande ule, na shina moja.

Mama Gladys alikuja na jembe jipya. Akanikuta. Akasimama upande wake, akaniangalia mikono, akaangalia nyanya zilizo upande wake, hakuzigusa. Nikajua hatauliza. Nami sikujua namna ya kumwambia.

Nikasogeza tenga mpaka likakaa katikati, chini ya masale, nusu kwake nusu kwetu.

Akaweka jembe chini, akainama. Tukachuma, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukikutanisha mikono kwenye majani. Hatukuongea mpaka tenga likajaa, na wala haikuwa taabu.